Kitanda Alichokiwamba Baba

Jumapili iliyopita nilianika godoro nje. Sikulianika uani kwenye kamba za nguo, ambako hapiti mtu. Nililiburuza mpaka mbele ya nyumba, nikaliegemeza kwenye ukuta unaotazama njia, na lile doa nikaligeuzia wapita njia kwa makusudi. Godoro lenyewe jipya. Nimelinunua pale Kwa Mathias kwa kijana mmoja mwenye maneno mengi, aliyelipiga makofi na kuniapia kwamba nikilala juu yake hata deni la kodi ya nyumba nitalisahau. Nailoni yake niliivua mwenyewe, tena kwa mbwembwe, kwa sababu mwanangu alikuwa ameniahidi kuwa mambo ya kukojoa kitandani yamekwisha. Ana miaka tisa. Nilikuwa nimemkasirikia hasa, na nilitaka aone haya. Nilimwambia mbele ya bibi yake kwamba wenzake wa madrasa wakipita, wamjue kikojozi ni nani.

Mama yangu, ambaye anaishi nami hapa Kibaha tangu baba alipofariki, alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Akausogeza ungo pembeni.

"Mwanangu," akaniuliza, "unakikumbuka kile kitanda cha bibi harusi?"

"Mama, nani kwetu asiyekikumbuka?"

Akaniangalia vile anavyomwangalia mtu anayesubiri kusikia jambo ambalo hatalipenda. Na mimi, kabla hajafungua tena mdomo, nilikwisha rudi Masaki kwa mawazo.

Masaki yetu ni ya Kisarawe, usije ukanifikiria mtoto wa wakubwa wa kule Dar es Salaam. Masaki ya mihogo na mikorosho, ya magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara, na siku hizi ya bodaboda zinazopita na vumbi lake. Msimu wa korosho tulikuwa tunazibanika kwenye debe lililotobolewa, moshi wake unawasha macho mpaka machozi yanatoka, na bado hatuondoki pale. Midomo inachubuka kwa mafuta ya maganda, bibi anatutukana, na kesho tunabanika tena. Asubuhi tulikula mihogo ya nazi iliyolala, ikiwa baridi, imegandiana na tui lake. Nimejaribu kupika hivyo hapa mjini. Wanangu wanauliza kama kimechacha.

Baba alikuwa fundi vitanda. Sizungumzii vitanda hivi vya kupigilia chaga kwa misumari, ambavyo fundi anamaliza vingi kwa siku akisikiliza redio. Vyake vilikuwa vitanda vya kamba. Alichonga matendegu, ile miguu minne, kwa mti wa mninga, akatoboa matundu na kupachika mbao za ubavuni bila hata msumari mmoja. Miyaa, yale majani ya mkoma ya kusokotea kamba, aliifuata kijiji cha Gwata kwa dada yake, anarudi na mizigo imemfunika kichwa na mabega hata ukimwona kwa mbali unadhani ni kichaka kinatembea. Mama na bibi walikuwa wanaisokota kamba uani, huku wanateta habari za watu. Halafu baba anailowanisha, anaiwamba kwenye mbao za kitanda. Alikuwa akivuta kamba kwa mikono miwili huku mguu mmoja ameukaza kwenye ubao, jasho linamtiririka, na kila akivuta kamba inatoa mlio. Mpaka leo nikisikia mlango unalia mahali, namwona.

Sasa kitanda kipya cha kamba hakipelekwi kwa mwenyewe siku kinapokamilika. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kazi. Kamba ikikauka inalegea, kwa hiyo lazima kitanda kilaliwe kwanza siku kadhaa, kilegee kadiri ya kulegea kwake, kisha fundi akikaze upya. Baba alikuwa anasema kitanda nacho lazima kifundishwe kulala. Na wafundishaji tulikuwa sisi wanawe. Hakuna kitanda kilichoingia chumba cha maharusi Masaki bila sisi kukilalia kwanza, watoto watatu tumepangwa kama samaki, tunasukumana na kucheka. Bibi alikuwa anakemea kwamba tunawachakazia watu bahati yao. Baba anamjibu, "Waache, mama, hao ndio mawe yangu ya mizani." Nilijiona mtu muhimu sana. Darasani nikimtazama mwalimu wetu wa kike, nawaza, wewe unajitia mkali, na kitanda chako nilikilalia mimi kabla yako.

Watu walikuwa wanasema mama amemlisha baba limbwata. Wanaume wa kwetu walikuwa wanakula barazani peke yao, wanaletewa. Baba alikula ndani na sisi, sinia moja, mama upande huu na yeye upande ule, na vipande vya samaki anatusogezea kwa kidole huku anajifanya hapendi samaki. Mama akiwa na mimba, baba ndiye alikuwa anakwenda kisimani, ndoo kichwani, mchana kweupe. Wanawake wanapishana naye njiani, wanamwamkia kwa adabu, "Shikamoo fundi," wakishampita wanaangua vicheko. Alikuwa anasikia. Alikuwa anarudi anamwambia mama, "Leo limbwata lako wamelisifu sana." Basi mama anacheka mpaka anakaa chini. Mimi sikucheka. Mtoto anataka baba yake awe kama baba za wenzake, basi.

Ndipo likaja lile la bibi harusi.

Harusi hiyo ilikuwa kubwa kwa kipimo cha kwetu. Bibi harusi alikuwa binti wa jirani yetu mwenye mikorosho mingi, na baba yake alitaka kitanda cha kutazamwa. Baba alikifanyia kazi muda mrefu kuliko vyote. Matendegu aliyachonga mafundo mafundo, kamba akaichanganya nyeupe na ile iliyotiwa rangi nyekundu ikafanya vishada katikati. Watu walikuwa wanakuja kukiangalia tu. Sisi tukakilalia kama kawaida, na mimi nilikuwa mkubwa wao, nimeshaanza kuota matiti, najiona. Nakumbuka asubuhi ya siku ya kukipeleka niliamka niko chumbani kwa mama, nimevaa gauni ambalo sikulala nalo. Nikadhani mama amenivua nguo afue kwa ajili ya harusi. Nikatoka uani nikamkuta baba hajanywa chai, anakikaza kitanda kwa nguvu ambazo sikupata kuziona. Nilimwamkia. Akaitikia, akanishika kichwa, akaendelea na kazi.

Kitanda kikapelekwa. Ngoma ikapigwa. Na usiku wa kwanza wa fungate, kitanda kikabonyea.

Hakikuvunjika, nikwambie. Kililegea tu, kikashuka polepole mpaka maharusi wakawa wamekaa sakafuni, ubao huku na ubao kule, wamezama kama viazi kwenye kikapu. Yule somo aliyemfunda bibi harusi alikuwa chumba cha pili, akasikia purukushani na bwana harusi akiomba avutwe mkono. Midomo ya makungwi haina pazia. Kabla chai haijachemka kijiji kizima kilikuwa na habari, na kufika adhuhuri habari ilikuwa imenona: eti walizama wote wawili, eti bwana harusi alipiga kelele akidhani ni kaburi. Baba akapewa jina jipya. Fundi Bembea.

Baba wa bibi harusi alimwita barazani kwake, mbele ya wazee na watu waliokuwa hawajatawanyika. Nilikuwa pale, nimeshika kopo la maji ya kunawisha wageni. Yule mzee alikuwa ametaharuki.

"Fundi, miaka yote tunakusifu. Kwenye shughuli yangu mimi ndiyo umeamua kunivua nguo?"

"Sikuamua, mzee wangu."

"Basi sema. Kamba ilikuwa mbovu? Nani kakuuzia? Au ulikiharakisha?"

Baba alikuwa amesimama, kofia yake ameishika mkononi. Nilimwona anaangalia watu, mmoja mmoja, macho yake yakanifikia mimi na kopo langu, yakapita.

"Nimekosea mimi," akasema.

"Umekosea nini?"

"Nimekosea tu, mzee. Ni kosa langu. Naomba mnisamehe."

Watu wakacheka. Si kicheko cha ubaya sana, ni kile cha kumwona mtu mzima amekosa la kusema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kopo. Fundi gani anayeshindwa hata kutaja kosa lake? Niliona aibu mwili mzima, nikajisemea kwamba bora angeongopa.

Baba alikikaza tena kile kitanda, akakikaza na mwezi uliofuata, na hakikubonyea tena. Lakini nani alitaka kusikia hilo? Walioagiza vitanda wakaahirisha. Wengine wakaanza kufuata vya madukani mjini. Shuleni, nikikosea hesabu tu, mtu wa nyuma anaitikia, "Bembea!" Na darasa linavunjika mbavu. Kule ngomani wanawake walikuwa wamekwisha tunga maneno ya kitanda cha mwenye limbwata, wanayaimba wakimwangalia mama, na mama anacheza nao huku anatabasamu. Nilimshangaa. Nilidhani hana haya.

Mwishowe baba akaja huku Kibaha kutafuta riziki. Akapata kibarua kwenye karakana ya fundi mwingine, hapo hapo karibu na Kwa Mathias ninapopita mimi leo na mikoba yangu. Kazi aliyopewa ni kupiga msasa viti vilivyochongwa na vijana wadogo kwake. Alikuwa anarudi Masaki siku ya Alhamisi jioni ili Ijumaa aiswali nyumbani, nyusi zimejaa vumbi la mbao, amebeba mkate wa boflo kwa ajili yetu na kipande cha sabuni ya kunukia kwa mama. Mama anamkalisha kwenye kigoda, anamwosha kichwa. Tulikuwa tunakula sinia moja kama zamani. Alikuwa anauliza habari za kila mmoja, za shule, za kuku, za jino lililong'oka, na yeye habari za huko hakuzisema. Shuleni wakiniuliza baba yako anafanya kazi gani, nilijibu kwamba yuko Kibaha. Nikiishia hapo, wenyewe walidhani ofisi.

Vitanda aliwamba vichache tu baada ya hapo. Kimoja ni kile cha msikitini, cha kuoshea maiti, maana cha chaga hakifai, maji lazima yapite. Hicho wazee walimwomba wenyewe. Ndicho alichooshewa na yeye alipofariki.

Msibani kwake alikuwepo mtani. Wewe kama ni mtu wa Pwani unajua mtani wetu sisi Wazaramo ni nani: jirani yetu Msukuma, mfugaji, aliyehamia upande wetu na ng'ombe wake miaka mingi nyuma. Huyo msiba si msiba mpaka aufanyie vituko, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Akaingia katikati ya waombolezaji na mkeka, akajilaza, akaanza kuzama. Anazama huku anapiga kelele, anaomba mkono, miguu juu. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao. Akainuka akalielekea jeneza, akasema, "Fundi Bembea, huko uendako malaika wakikuomba kitanda, kataa! Wakibonyea watatuangukia sisi!"

Msiba ukaangua kicheko. Mama naye alicheka, kanga amejifunika usoni, mabega yanamtikisika. Mimi nilitoka nje. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu na watoto, na bado niliona uso umenishuka kama nimeshika lile kopo. Nilimwonea aibu baba yangu akiwa amelala kwenye jeneza. Niliwaza kwamba mtu kaishi maisha yote, kalea, kasomesha, na kinachobaki midomoni mwa watu ni kosa moja ambalo hata yeye hakuweza kulieleza.

Sasa nirudi kwenye godoro.

"Kitanda kile," mama akasema, "ulikikojolea wewe."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

"Usicheke. Ulikuwa umeshaacha siku nyingi, ndiyo maana hatukukuwekea mpira wa kulalia. Usiku ule, sijui ni uchovu wa kutwanga, sijui nini, ulikojoa kama ng'ombe. Baba yako aliamka alfajiri aende msikitini, akasikia kama maji yanadondoka chini ya kitanda. Akakubeba hivyo hivyo umelala, mimi nikakuvua, nikakuvalisha. Yeye akakiosha kitanda chote, ndoo kwa ndoo."

Nikakumbuka gauni. Nilikaa chini, kwenye kizingiti.

"Kamba ya miyaa ikilowa hujikaza," akaendelea. "Ikikauka hulegea upya, kama vile hukuifanyia kazi. Alijua. Alikwenda kwa yule mzee kuomba siku mbili, hakumkuta, wasimamizi wa shughuli wakamwambia wageni wamefika, ngoma imekwisha lipwa, kitanda kije leo. Akakivuta kadiri ya nguvu zake, akitumaini kitashikilia mpaka atakapokwenda kukikaza. Hakikushikilia."

"Si angesema, mama? Mtoto kukojoa ni kosa?"

"Ungekuwa kama huyu wa miaka tisa, angesema. Wewe ulikuwa umebakiza kidogo tu uwekwe ndani uchezwe unyago. Wale wanawake walikuwa na midomo gani unaijua. Mwali kikojozi, tena aliyekojolea kitanda cha harusi ya mtu? Wangekuimba wewe badala yake. Wangekuimba mpaka siku ya kuolewa kwako, na anayekuoa angezisikia. Baba yako aliniambia, yeye tayari ana mke, waache wamwimbe."

Akauvuta ungo wake, akaanza tena kuchambua.

"Na mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Aliniapisha. Nikamwahidi. Nimekaa nayo mpaka leo, na hata leo nisingeitoa." Akatupa chuya pembeni. "Lakini umeniudhi."

Sijui nikueleze vipi aibu ile. Aibu ya watu unaweza kuikimbia, ukahama kijiji, ukasema baba yuko Kibaha. Hii haikuwa na mahali pa kukimbilia. Nilimwona amesimama na kofia mkononi, macho yake yanapita kwa mmoja mmoja na kunifikia, na mimi, niliyekuwa jibu lenyewe, namtazama kwa hasira kwa sababu hajui kujibu. Nilikumbuka vumbi kwenye nyusi zake.

Vitanda vyenyewe havipo tena. Nilipokwenda Masaki mara ya mwisho niliona tendegu moja la mninga limekongolewa, wamelifanya kigingi cha kufungia mbuzi. Wanaojua kuwamba wamekufa, na miyaa ya Gwata nadhani inajiotea tu. Hakuna mtoto siku hizi anayefundisha kitanda kulala. Unanunua, unaletewa kwa guta, unalala. Kile cha bibi harusi sikuwahi kuuliza kiliishia wapi, na sasa naogopa kuuliza.

Mwanangu alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji tangu asubuhi. Niliona vidole vya miguu yake tu. Nikainuka, nikaenda mbele, nikalishika godoro. Zito kweli lile godoro, kijana wa Kwa Mathias hakudanganya kila kitu. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia alikuwa amesimama na ufagio, na watoto wawili wanaosoma madrasa na mwanangu, juzuu zao kwapani, wameshafika, wanasukumana.

"Jirani, leo kuna bahari huko kwako?" akaniuliza, anacheka. "Nani huyo?"

Niliona vidole vile vinarudi nyuma ya tangi.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Nimelimwagia ndoo ya maji wakati napiga deki."

"Ndoo nzima? Kitandani?" Akacheka zaidi. "Mtu mzima wewe!"

"Nimekosea tu, jirani. Ni kosa langu."

Wale watoto wakachoka, wakaenda zao. Nikaliburuza godoro mpaka uani. Mwanangu akatoka pale alipokuwa, akashika upande wa nyuma tukasaidiana. Mama hakuinua uso kwenye ungo. Maneno yale nimeyasema vizuri, nadhani, kama yalivyosemwa barazani siku ile. Lakini jirani alicheka dakika moja akasahau, na baba yangu alichekwa mpaka kwenye jeneza, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwonea haya.